Opereta wa Simu za Kuzungusha

Mtu akimletea simu mbovu, Opereta hakuigusa kwanza. Alimwambia mwenye simu akae, aiweke mezani, apige namba yoyote anayoikumbuka. Haikujalisha kwamba simu yenyewe haikuunganishwa na chochote na waya wake ulikuwa unaning'inia ukingoni mwa meza. Mteja alimtazama mama huyu mtu mzima, kavaa sweta na kujitanda khanga juu yake wakati jua la Dodoma linachoma bati, akaanza kushuku kwamba ameelekezwa vibaya. Lakini kwa kuwa ameshafika, aliingiza kidole tunduni na kuzungusha. Opereta aliinamisha kichwa upande mmoja, akasikiliza ile sahani ya namba ikirudi. Mara nyingi hakusubiri namba iishe.

"Unaisukuma irudi," alisema. "Unaona inachelewa, unaisaidia kwa kidole. Simu haina ugonjwa. Mgonjwa ni kidole."

Ndipo alipoivuta karibu na kueleza. Sahani inaporudi ndiyo inayohesabu. Kila hatua inakata umeme kidogo na kuunganisha tena, na mtambo upande wa pili unazihesabu zile hatua ili ujue umeomba namba gani. Ndani kuna kifaa kidogo cha kuizuia isirudi mbio. Ukiisukuma unavuruga hesabu, unaomba saba unapewa sita, halafu unailaumu simu. Maelezo haya aliyatoa kwa kila mteja kana kwamba ndiyo kwanza yanamjia, na kila mteja aliondoka ameahidi kuiacha sahani irudi kwa wakati wake. Wengi wao tuliwaona tena.

Jina lake ninalijua, nililiona kwenye mkataba wa chumba, lakini nikiliandika hapa hata majirani zake wa Chang'ombe hawatajua ninamzungumzia nani. Kwao alikuwa Opereta. Aliwahi kukaa kwenye swichibodi enzi zile ambapo ukitaka kuongea na mtu wa mji mwingine unamwomba binadamu akuunganishe, na ingawa kazi hiyo ilikufa na swichibodi yenyewe sijui iliishia wapi, cheo alibaki nacho. Mchungaji alimwita Opereta. Wajukuu zake walimwita Bibi Opereta. Mwenye genge la nyanya alimwita hivyo hivyo, tena kwa heshima, maana alikuwa ameshaambiwa naye maneno mengi kuhusu nyanya zilizooza.

Mimi nilikuwa mpangaji wake. Nilikuja Dodoma na wizara, kama wengi tulivyokuja, na begi moja na manung'uniko mengi kuhusu vumbi. Siku ya kwanza nilibisha hodi, nikamsalimia, nikaeleza kwamba natafuta chumba. Alinijibu kwamba mimi ni mtu wa Tanga, ila nimekaa sana Dar es Salaam nikaharibika. Nilipouliza amejuaje, alisema kwamba watu wa Tanga walikuwa wanampigia kila siku, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuanza maongezi kwa jambo lililomfanya apige. Nilipewa chumba cha nyuma. Nilidhani nitakaa mwezi mmoja miwili nikitafuta pazuri zaidi, lakini sikuhama mpaka nilipojenga kwangu Ihumwa, na hata siku ile ya kuhama nilikuwa najikokota.

Kila chumba cha wapangaji kilikuwa na simu ya kuzungusha. Alikuwa amezifunga mwenyewe, waya zikapita juu ya kenchi hadi kwenye kisanduku cha kuunganishia alichokipata nyumba moja ya wageni ilipofungwa. Kazi kubwa ya simu hizo ilikuwa maji. Maji yetu yalikuja kwa mgao, saa yoyote yanapojisikia, na yeye ndiye aliyekuwa na bomba. Basi simu italia. Ukiinua mkonga unasikia sauti laini, ya kiofisi, isiyofanana kabisa na ya mama anayekukemea kwa kuacha geti wazi: "Chumba cha nyuma, una simu yako, subiri nikuunganishe." Unasubiri. Kunapigwa kitu kama kijiko juu ya meza. Halafu sauti yake ya kawaida inakuja: "Maji yametoka, leta ndoo." Alikuwa peke yake pale, anajiunganisha mwenyewe na sisi, na hakuna siku aliyoruka ile hatua ya kusubiri.

Ufundi hakufundishwa. Anasema alifundishwa na hasira. Swichibodi zilipoanza kuondolewa alihamishiwa dawati la kupokea malalamiko, na huko alikuwa anapokea watu wanaolalamika kwa simu za jirani kwamba simu zao zimekufa, anaandikisha, fundi anasema kesho, na kesho wale wale wanampigia yeye. Akaanza kuzifungua mwenyewe. Kwanza aliharibu, baadaye akaacha kuharibu. Msemo wake mkuu ulitoka hapo: simu haifi, inanyamaza, na kazi ya fundi ni kujua imenunia nini.

Wateja wake walikuwa mchanganyiko wa ajabu. Kuna wastaafu walioondoka ofisini na simu zao na wanataka zilie hata kama hakuna wa kuwapigia. Kuna vijana wa chuo wanaopiga picha za video. Kuna watumishi wa Bunge wanaopenda simu nyeusi sebuleni, mgeni akiingia aulize. Mwenye mgahawa mmoja wa mjini alikuja kuomba simu za kupamba meza, akasema hahitaji za kufanya kazi, ampe magamba tu, ya bei nafuu. Opereta alikataa. Simu isiyolia, alimwambia, ni kopo, na makopo yanauzwa sokoni. Yule bwana alibishana hadi alipochoka, mwishowe akachukua simu zinazofanya kazi, zimeungwa meza kwa meza. Siku hizi watu wanaenda mgahawani kwake ili wapigiane kutoka meza ya dirishani hadi ya kona, na yeye husimulia kwamba wazo lilikuwa lake.

Kuna mstaafu wa reli wa Gulwe aliyekuja na simu nzito ambayo sahani yake ilikuwa imeganda kabisa. Aliileta imefungwa kwenye taulo. Opereta aliinusa kabla hajaifungua, akamuuliza kama alikuwa na mpango wa kuikaanga. Mzee aliona haya. Kumbe sahani ilianza kuwa nzito, naye akaitia mafuta ya alizeti, yale yale ya jikoni kwake, na ilipozidi kuwa nzito akaiongezea. Nilidhani ni kituko cha mtu mmoja, lakini Opereta aliniambia kwamba ndiyo maradhi ya simu za kanda hii nzima. Huku kila nyumba ina dumu la alizeti, na mtu akiona kitu chochote kinakwama, mkono unaenda kwenye dumu. Mafuta yanakutana na vumbi letu jekundu, yanakuwa gundi. Aliiosha simu kwa spiriti kipande kwa kipande, akaisikiliza ikirudi, akaiosha tena. Mzee alipoichukua aliambiwa kwamba akiona nzito asiipe kitu cha kula.

Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake, na hakuona tatizo. Aliishi kwa ajili ya simu na alichukia simu. Ile ya mkononi aliyonunuliwa na bintiye wa Mwanza aliizima na kuifunga kwenye kitambaa ndani ya sufuria, kwa hoja kwamba haina adabu, inamfuata mtu hadi chooni. Binti akitaka kuongea na mama yake alinipigia mimi, nami nikapeleka. Opereta aliipokea simu yangu kwa vidole viwili, akaiweka mbali na sikio, na baada ya salamu akawa anamwambia binti aseme haraka asije akamaliza hela za watu.

Na siri. Alikuwa amesikia mji huu mzima ukiongea. Alisikia posa na talaka, nani alimkana nani, nani alilia kwenye simu ya ofisi akidhani laini imekatika. Majirani walimzunguka kwa kila hila ili aseme japo neno, na hakusema. Akina mama wa kwaya walimbana hadi wakati wa chai, akawaambia kwamba alichosikia kazini kilikuwa cha kazini. Lakini mambo yake mwenyewe aliyamwaga hadharani bila kuulizwa. Nilikuwa sijamaliza wiki pale nikajua kwa nini mume wa pili aliondoka, alichosema alipoondoka, na kwamba alirudi kuchukua redio.

Sasa niseme habari ya macho, maana bila hiyo simulizi hii haina mguu.

Tangu nilipohamia alikuwa na tabia ya kuwaita wapangaji karakanani, anamwonyesha mtu waya na kuuliza, "Hii unaionaje?" Unasema ya bluu. Anasema vizuri, nilikuwa nakujaribu, vijana wa siku hizi hamjui rangi. Nilidhani ni mzaha wa watu wazima. Ilinichukua muda mrefu kugundua kwamba hakuwa anatujaribu. Jicho la kushoto lilikuwa limeshakufa zamani kwa ugonjwa mwingine. Lilibaki la kulia, na hilo lilikuwa na mtoto wa jicho, ukungu unaozidi kidogo kidogo. Daktari alikuwa ameshamwambia kwamba linaweza kufanyiwa upasuaji. Alikataa, na alikataa kwa hoja ambayo sikuweza kuivunja.

"Nimefungua simu nyingi zilizokuwa zinasikika kidogo," aliniambia, "nikazifunga hazisikiki kabisa. Zile nyingine nilikuwa na simu za akiba. Hili sina la akiba."

Nilimwelewa na niliogopa vile vile. Niliogopa kwamba atasubiri hadi giza lijae, na mtu ambaye maisha yake yote yako kwenye springi nyembamba kuliko unywele atabaki amekaa kibarazani na mikono mitupu mapajani. Binti yake alilia kwenye simu yangu. Mchungaji alikuja. Mimi nilisema nilichoweza, na kila mara alinipa waya niuangalie.

Makosa yalianza kujitokeza, na hapa sisi wote tunahusika. Simu yangu ya chumbani ilipoharibika aliitengeneza, ikarudi na mwili wa kijani na mkonga mwekundu. Nilishukuru. Mpangaji wa chumba cha pembeni, mwalimu wa shule ya msingi, alipata nyeusi yenye sahani ya krimu, akasema ni nzuri sana. Mwenye mgahawa alipokea mzigo wa mwisho ukiwa na rangi zote za bendera, akanywea kidogo, kisha akawatangazia wateja kwamba ndiyo fasheni mpya. Utamwambiaje mtu mzima wa umri ule, mwenye fahari ile, kwamba amevalisha simu viatu visivyofanana? Kila mmoja alimwachia mwingine. Tena zilikuwa zinafanya kazi vizuri kabisa, kwa kuwa ndani alitumia vidole na masikio. Tulijiambia kwamba rangi haina madhara.

Wateja wake aliowapenda kuliko wote walikuwa masista wa misheni moja huko Kondoa, mbele ya Kolo, mahali penye majabali makubwa ambapo simu za mkononi hushika mtandao ukisimama juu ya jiwe fulani tu. Wao bado walitumia simu za kuzungusha za ndani kwa ndani: moja getini, moja jikoni, moja zahanati, moja kwenye nyumba yao. Kila kiangazi Opereta alikwenda kuzikagua, kapu la bisibisi na spiriti mapajani, na alirudi na asali na maneno mazuri. Safari ya mwisho kabla ya haya ninayoyasimulia alibadilisha kisanduku chao kizima cha kuungia, kwa kuwa mchwa walikuwa wameingia.

Kiangazi kilichofuata Sista wa zahanati alikuwa na shughuli mjini, akapita Chang'ombe kumsalimia. Ilikuwa Jumamosi, wapangaji tupo, tukakaa karakanani na chai. Sista ni mcheshi, akaanza kutusimulia kichekesho cha misheni. Kulikuwa na mlinzi mpya getini. Mchana mmoja akaja mtu na bodaboda, mkewe nyuma ameshikwa na uchungu, hawezi hata kushuka. Mlinzi akakimbilia simu, akapiga namba ya zahanati kama ilivyobandikwa ukutani. Ikapokelewa na mpishi. Akaomba radhi, akapiga tena kwa makini. Mpishi tena. Mara ya tatu mpishi, ambaye alikuwa anasonga ugali wa masista wote, alimwambia kwamba chakula bado na asimsumbue. Mlinzi naye akapandwa na hasira, wakaanza kugombana, mama wa watu anaguna kwenye bodaboda. Mpishi alipoelewa hatimaye, alikimbia uwanja mzima kuelekea zahanati na mwiko mkononi. Mtoto alizaliwa mzima kabla ugali haujapoa, na wanamisheni hadi leo wanamwita Jikoni.

Tulicheka sana. Opereta alicheka kuliko sisi. Kisha akafuta mdomo kwa ncha ya khanga, akauliza kwa nini namba ya zahanati inaita jikoni.

Sista alikuwa bado anacheka. Akasema, si tangu mama alipowabadilishia kile kisanduku? Ukipiga zahanati inaita jikoni, ukipiga jikoni inaita zahanati. Wao walishazoea. Wakitaka zahanati wanapiga jikoni. Ni mlinzi tu ndiye hakuambiwa.

Hakuna aliyecheka tena. Nadhani Sista alisikia maneno yake baada ya kuyasema. Opereta aliweka kikombe chini polepole, akitafuta meza kwa kidole kidogo kabla ya kukiachia.

"Hamkuniambia," alisema.

Sista alisema kwamba hawakutaka kumvunja moyo. Mtu anatoka Dodoma kwa basi, umri huo, anakataa hata kulipwa nauli, halafu wamwambie amekosea waya mbili? Waliona rahisi wao kuzoea.

Opereta aligeuka upande wetu. Alituuliza kama na sisi tuna jambo tulilolizoea. Mwalimu alitazama chai yake. Nikaona kwamba kazi imeniangukia mimi, nikamwambia habari ya mkonga mwekundu, na ya sahani ya krimu, na ya mgahawa. Alinisikiliza vile alivyosikiliza sahani za namba, kichwa upande.

"Mmeniheshimu," alisema nilipomaliza, "hadi mkakaribia kuniulia mtu."

Hakuinua sauti. Ingekuwa nafuu kama angeinua. Tulikaa na aibu zetu, watu wazima wenye kazi zetu, na Sista alikuwa amemshika mkono na machozi yanamlengalenga. Opereta aliuacha mkono wake pale. Kisha akasema kwamba ataenda hospitali, lakini kwanza ataenda misheni, maana hawezi kufungua jambo jipya wakati la zamani halijafungwa. Na alikwenda, Sista akiwa kwenye gari naye. Nilikuja kusikia kwamba waya mbili zile alizibadilisha huku mpishi, yule yule wa mwiko, amesimama kando anamtajia rangi kwa sauti kama anayesoma somo kanisani. Alipomaliza aliagiza mlinzi apige zahanati, akaenda kukaa zahanati mwenyewe, akaipokea.

Kuhusu hospitali nina habari za kusimuliwa tu, kwa kuwa nyumba yangu ya Ihumwa ilikuwa imefika hatua ya kuingia na wakati huo huo ofisi ikanituma mikoani kwa kazi ndefu. Binti alitoka Mwanza kumuuguza. Yeye ndiye aliyenisimulia kwamba mama alimtaka daktari aeleze kila atakachofanya, kwa mfuatano, anaanza na nini na anafunga na nini. Daktari alieleza. Opereta akauliza akikuta jambo ambalo hakulitegemea atafanyaje. Daktari akasema atasimama kwanza afikiri. Hapo akakubali. Alimwambia binti yake kwamba sauti ya yule kijana haina haraka.

Niliporudi nilikwenda Chang'ombe Jumamosi ya kwanza niliyoipata. Nilijua kwa simu ya binti kwamba jicho limefunguka, lakini kusikia na kuona ni mambo mawili, na moyo wangu haukutulia tangu niliposhuka kwenye bajaji. Geti lilikuwa wazi. Mlango wa karakana pia. Alikuwa ameketi dirishani, miwani mipya usoni, simu imefunguliwa mbele yake, na alikuwa anaondoa uchafu kwenye springi kwa kipande cha karatasi. Kwenye rafu za ukutani rangi za simu zilikuwa zimesharudi kwa wenyewe, nyeusi na nyeusi, kijani na kijani. Mstari mmoja tu wa zile za mchanganyiko ulibaki. Baadaye niliambiwa kwamba mwenye mgahawa alikataa katakata kurudisha zake, na kwamba mstari ule ni wa nyingine alizoagiza, za namna ile ile.

Nilisimama mlangoni nikimtazama, bado sijamsalimia. Aliinua uso akanitazama moja kwa moja, jambo ambalo sikumbuki kama aliwahi kulifanya. Alinitazama kwa upole, kwa adabu ya biashara.

"Karibu baba," alisema. "Kaa. Weka simu mezani."

Niligeuka nyuma kuona kama kuna mtu mwingine ameingia. Hakukuwa na mtu. Nikakaa kwenye kiti cha wateja kwa kuwa sikujua la kufanya, na nikamwamkia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba," alijibu kwa mazoea, na kile kipande cha karatasi kikasimama hewani. Akaweka kichwa upande. "Sema tena."

Nilisema kwamba nimerudi kutoka safari, kwamba Ihumwa hawajambo, kwamba nilikuwa nimekuja kumjulia hali. Aliniacha nizunguke kama mtu wa Tanga hadi nilipoishiwa. Kisha alisimama, akazunguka meza, akanishika kidevu na kunielekeza dirishani, kulikokuwa na mwanga. Alinichunguza kila mahali, paji, pua, kipara, yale mashimo mawili ya mashavu yangu. Miaka yote ile nilikuwa kivuli kinacholipa kodi.

"Pale swichibodi," alisema, "kila sauti nilikuwa naipa uso. Huwezi kufanya kazi na sauti tupu. Wewe nilikupa masharubu. Na mwili mnene."

Nilimwuliza kama ninamsikitisha.

Alifikiri, hakuwa mtu wa kujibu ili kumfurahisha mtu. Akaniachia kidevu, akarudi upande wake wa meza, akavuta simu iliyofunguliwa karibu, lakini mikono aliituliza juu yake bila kuanza kazi, na macho yalibaki kwangu.

"Uso ule mwingine niliuzoea," alisema. "Usiondoke kwenye mwanga. Na huu nitauzoea."